Kupiga picha zako mwenyewe ukiwa na wapiga picha wenzako: siku nne Unguja

Wapiga picha watano wakipanga nyumba moja Jambiani, mara nyingi hurudi na picha zinazofanana kiasi kwamba ukizichanganya kadi zao huwezi kujua ipi ni ya nani. Wote wana uwezo, tatizo haliko hapo. Wameamka pamoja, wamejipanga mstari mmoja ufukweni, na aliyeiona ngalawa kwanza amewaita wengine. Macho hufuata kule lenzi nyingi zinakoelekea. Usipojipangia mapema, safari itakwisha hujapiga hata picha moja ambayo ungeipiga ukiwa peke yako.

Maelezo haya ni ya mtu anayeishi kwa picha za harusi, matangazo au habari, na sasa anakwenda kupumzika na wenzake wa fani. Picha binafsi hapa ni zile zisizo na mteja, ambazo hakuna atakayezilipia wala kuzikagua. Mfano ni Unguja: usiku mmoja Mji Mkongwe, kisha Jambiani. Mengi yatafaa Lamu, Kilwa au Pangani vilevile.

Tarehe inapangwa na mwezi

Pwani ya mashariki ya Unguja, ratiba ya siku iko mikononi mwa bahari. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua. Maji hujaa mpaka karibu na kuta za nyumba, kisha hukupwa hata zaidi ya kilomita moja kuelekea mwambani. Siku hizo maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano, asubuhi na usiku. Wiki moja baadaye ni maji mafu: hayajai sana, hayakupwi sana, na kupwa kwenyewe huangukia alasiri, karibu na saa kumi au kumi na moja. Kila siku majira husogea mbele kwa takriban dakika 50.

Kwa hiyo amua kwanza unataka nini. Ukitaka mashamba ya mwani yakiwa wazi, na vigingi na kamba vinaonekana mstari kwa mstari, nenda kwenye bamvua, ukijua kwamba utapigia jua la saa nne. Ukitaka mchanga uliolowa chini ya mwanga wa jioni, nenda siku tano hadi saba baadaye. Ukitaka bahari imejaa na vyombo vinaelea karibu wakati jua linachomoza, lenga siku ya pili au ya tatu baada ya bamvua. Jedwali la maji la bandari ya Zanzibar linapatikana bure mtandaoni. Lihifadhi kwenye simu, maana intaneti ya nyumba za wageni haitabiriki.

Jua huchomoza kati ya saa 11:50 alfajiri na saa 12:35 asubuhi kutegemea ni mwezi gani wa mwaka, na huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni. Karibu hivi na ikweta, mwanga baada ya machweo hauna subira: dakika kama 20 hivi, kisha giza. Kumbuka pia kwamba Jambiani inatazama mashariki. Jua la jioni huzama nyuma ya minazi na nyumba, si baharini. Anayetaka machweo juu ya maji ayapige Mji Mkongwe siku ya kwanza.

Epuka masika, yaani Machi hadi Mei, isipokuwa kama mvua ndiyo unayoitaka. Wakati wa kusi, upepo upande huu hubeba chumvi siku nzima, na utakuwa unafuta lenzi kuliko kupiga picha.

Begi dogo

Chukua kamera moja na lenzi moja. Milimita 35 kwa sensa kubwa, au milimita 23 kwa kamera za APS-C, zenye sensa ndogo. Lenzi ya 70-200 ibaki nyumbani, na hili ni jambo la kusimamia hata wenzako wakikucheka. Lenzi ndefu inakurudisha kazini: unasimama mbali, unasubiri tukio, unavizia. Milimita 35 inakulazimisha usogee mpaka mtu akusalimie, na hapo tayari uko ndani ya jambo.

Ongeza betri tatu, kadi mbili za GB 64, kitambaa cha lenzi, kitambaa cha pamba cha kulowesha, na tripodi nyepesi kama utajipiga mwenyewe. Kundi libebe ekstensheni moja ya matundu manne au zaidi. Chumba kina soketi mbili za pini tatu, wapiga picha watano wana chaja kumi, na umeme ukikatika saa tatu usiku kila mtu anaanza kuulizia powabanki. Kwa maji na mchanga, nunua mapema mfuko mgumu usiopitisha maji wa lita 10. Usitegemee kuomba mfuko wa plastiki dukani. Ile ya kubebea imepigwa marufuku.

Kabla ya kupanda boti, kamera zote zisetiwe saa ileile, hadi sekunde, kwa majira ya Afrika Mashariki. Kwa kamera yake, kila mtu apige picha moja ya simu inayoonyesha saa na sekunde. Safari ikiisha, ukikusanya picha za watano kwenye folda moja zitajipanga zenyewe kwa mfuatano, na aliyekosea utamsahihisha kwa kulinganisha picha ile ya simu. Bila hivyo, chakula cha usiku kitatokea kabla ya chai ya asubuhi.

Makubaliano ya kundi

Haya yasemwe wazi kabla ya safari, kwenye kundi la WhatsApp, si ufukweni wakati jua limeshachomoza.

Kuanzia alfajiri hadi saa mbili na nusu kila mtu yuko kivyake. Hakuna kufuatana, hakuna kuitana, hakuna kutumiana eneo. Anayetaka kulala alale.

Aliyekifikia kitu kwanza ni chake. Ukimkuta mwenzako amechuchumaa mbele ya mashua, usisimame nyuma ya bega lake. Zunguka, au nenda zako. Wapiga picha wazoefu huvunja sharti hili kuliko wanafunzi, kwa sababu wanajua pembe nzuri iko wapi.

Mwenzenu akileta mtu wa kumpamba na kumpiga picha, hiyo ni kazi yake. Unaweza kumshikia rifleketa, lakini usipige. Ukipiga, umebeba wazo la mtu na nguo za mtu, na nyumbani utaifuta.

Tena, hakuna kuonyeshana skrini mchana. Ukionyesha picha saa tatu asubuhi na mmoja akasema “hii kali”, siku nzima utakuwa unaitafuta nyingine kama hiyo. Kaeni mtazame pamoja usiku, picha kumi kwa kila mtu.

Chagua jambo moja la kufuata

Andika kwenye simu sentensi moja, usimwonyeshe mtu. Iwe nyembamba. “Maisha ya pwani” haikusaidii kitu. “Mikono inayofunga na kufungua kamba” inakusaidia, maana unajua ukienda sokoni uangalie wapi. Nyingine: vyombo mezani baada ya watu kuondoka, viatu nje ya milango, kivuli cha saa sita, kile ambacho kazini unakikimbia.

Ila kuna mada moja ambayo safari hii peke yake ndiyo inayo, nayo ni wenzako wakiwa wameweka kamera chini. Ngalawa zitakuwepo mwakani. Ninyi watano chini ya paa moja, mmoja akikaanga mayai na mwingine amelala kifudifudi na mchanga mgongoni, pengine hamtakutana tena namna hiyo. Na hakuna anayeipiga, kwa kuwa kila mmoja anatazama bahari.

Wapiga picha ni watu wagumu kuwapiga. Wakiona kamera huinua ya kwao wakakupiga pia, au hugeuza uso kutafuta mwanga, au huanza kukuuliza umeseti ngapi. Dawa ni kupiga wakati mikono yao ina kazi nyingine: wanapomenya, wanapofua, wanapopanga foleni ya tiketi bandarini, wanapobishana bei ya samaki. Kaa karibu, mita moja na nusu, kamera ikiwa mezani au kifuani tangu mwanzo wa maongezi ili isiwe habari mpya. Kwa f/4 (kipimo cha tundu la lenzi) ukiwa umbali huo na milimita 35, sehemu itakayokuwa kali ni kama sentimita 45 tu, kwa hiyo weka fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe na uache mengine.

Ndani ya nyumba usiku, shata ya kimya ya kielektroniki ina mtego. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED za bei rahisi huwakawaka mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Picha itatoka na michirizi ya giza na mwanga. Tumia shata ya kawaida kwa 1/50 au 1/100, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande mpaka 3200 au 6400. Chembechembe zinavumilika, michirizi haifutiki.

Mji Mkongwe

Kwenye vichochoro hutakuwa na muda wa kutafuta fokasi. Iweke kwa mkono: f/8, umbali mita 2.5, shata 1/250, ISO ya otomatiki isiyozidi 6400. Kwa milimita 35 kila kitu kuanzia mita 1.7 hadi karibu mita 5 kitaonekana kikali, na huo ndio upana wa maisha ya kichochoroni. Wewe unabakiwa na kazi ya kusimama mahali panapofaa.

Mwanga mzuri wa huku si wa alfajiri, bali kati ya saa nne na saa sita, jua linapoupiga ukuta mmoja mweupe na kurudisha mwanga laini upande wa pili. Mtu aliye kivulini akiutazama ukuta huo anapata mwanga ambao studio hulipia fedha. Punguza ekspoja kwa stopu 0.7 hivi, maana kamera ikiona giza jingi pembeni huongeza mwanga na ule mchirizi wa jua ukutani hugeuka karatasi tupu.

Milango ya nakshi imepigwa picha mno. Piga mmoja ukipenda, kisha tazama kilicho mbele ya mlango: baiskeli, mkeka, mtu anayetafuta ufunguo. Na usidharau picha ya kawaida ya jengo lilivyo, iliyonyooka, bila mbwembwe. Sehemu ya jumba la Beit el Ajaib, lililojengwa 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na waliokuwa wamelipiga mbele kwa uwazi ndio wenye kitu cha kuangalia leo. Picha za zamani za Ranchhod Oza, aliyeanzisha Capital Art Studio mjini hapo mwaka 1930, zina mvuto kwa sababu hiyohiyo: mtaa unauona, na unawaona waliokuwa wakiutumia.

Kuomba ruhusa kunakwenda na salamu kwanza. “Assalaamu alaykum” kwa waliokaa barazani, “shikamoo” kwa mkubwa, halafu subiri ujibiwe na uulizwe unatoka wapi. Ombi ndipo lifuate: “Naomba ruhusa nikupige picha.” Akikataa kwa maneno au kwa kugeuza uso ni hapana, hata kama wenzako wanne wameshapiga. Ijumaa mchana na saa za sala, kaa mbali na milango ya misikiti. Usielekeze lenzi kwenye kambi za jeshi, polisi wala mitambo ya bandari. Na mwenye droni asiirushe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, maana ikikamatwa yake mtakwama wote watano.

Jambiani, maji yakikupwa

Mwani umelimwa kibiashara Paje na Jambiani tangu 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Ndio kitu cha kwanza ambacho kila mgeni mwenye kamera anakifuata. Sasa fikiria mama ameinama majini saa nne asubuhi, na watu watano wanamsogelea na lenzi. Hata akikubali, hiyo haiwi picha tena. Mmoja wenu aende akaombe, na wasizidi wawili watakaopiga. Wengine wageuke upande mwingine wa bahari. Suala la malipo mkubaliane mapema kama kundi. Mmoja akitoa elfu kumi na mwingine asitoe kitu, mmemwachia kero atakayefuata. Njia nzuri zaidi ni kununua kwake kitu anachouza, au kurudi kesho na picha iliyochapwa.

Vaa viatu vya mpira. Kwenye mawe kuna miiba inayoingia mguuni na kukatikia humo. Anza kurudi mara tu maji yanapogeuka. Eneo ni tambarare, na maji hayaji kama ukuta kutoka mbele. Huzunguka kwanza kupitia mifereji midogo nyuma yako, ukija kugutuka yako magotini na begi liko mgongoni.

Mchanga huu mweupe hudanganya kamera. Huona mwangaza mwingi, hupunguza, na nyuso za watu wetu hutoka nyeusi zisizo na macho. Ongeza ekspoja stopu 0.7 hadi 1, uangalie ngozi na si anga. Anga ikiungua kidogo, iache. Na usilikimbie jua la saa sita: mchanga unarudisha mwanga kutoka chini na kujaza vivuli vya chini ya paji la uso na kidevu. Mtu akisimama juu ya mchanga mkavu, hatua mbili tatu kutoka kwenye maji, uso unafunguka. Msogeze kwenye majani au mwani mweusi, uso unazima.

Wewe mwenyewe uonekane

Kosa la kawaida ni kurudi nyumbani ukiwa humo kwenye picha za wenzako tu. Kila mtu alisema “nitakutumia”, na hiyo kauli sote tunaijua inavyoishia. Mpe mwenzako kamera yako, siyo yake, ili picha ilale kwenye kadi yako. Weka mipangilio mapema kwenye C1, nafasi ya kamera ya kuhifadhia mipangilio yako: f/4, 1/250, ISO ya otomatiki, fokasi ya uso imewashwa, na kitufe cha shata kikiwa ndicho kinachofokasi. Wengi wamehamishia fokasi kwenye kitufe cha nyuma, na mwenzako asiyejua atakurudishia picha 20 za ukungu huku akisifia lenzi yako. Mwambie pia asimame wapi na akate picha wapi. Kwa mpiga picha mwingine huo si utovu wa adabu. Usipomwambia atapiga picha yake, wewe ukiwa kitu cha mbele tu.

Ukijipiga mwenyewe kwa tripodi, weka begi pale utakaposimama, fokasi kwenye begi, kisha badili fokasi iwe ya kuweka kwa mkono ili isihame. Ukiondoa begi simama palepale. Seti kamera ipige yenyewe kila baada ya sekunde 3, mara 30, badala ya kipima muda cha sekunde 10. Picha tano za kwanza utakuwa umekaza uso. Baada ya hapo unasahau, na nzuri hutokea hapo. Miguu ya tripodi usiizamishe kwenye mchanga laini bila kuisukuma kwanza hadi igome, la sivyo kamera itainama taratibu na hutajua mpaka usiku.

Kila jioni

Chumvi kwanza. Lowesha kitambaa cha pamba kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kamua sana, futa mwili wa kamera na pete za lenzi, kisha kausha. Usianze na kitambaa kikavu, chembe za chumvi na mchanga huchubua. Tripodi iliyoingia baharini ifunguliwe viungo vyote na kusuuzwa usiku huohuo. La sivyo, kesho yake utakuta vifungio vimeganda. Lenzi usibadilishe ufukweni. Kwa lenzi moja, shida hiyo hunayo.

Ukilala chumba chenye kiyoyozi, asubuhi kamera ikitoka nje itajaa ukungu ndani na nje. Iache ndani ya mfuko uliofungwa kwa dakika 20 hadi 30 nje ya chumba kabla ya kuifungua. Kwa kuwa jua halikusubiri, itoe chumbani kabla hujaenda kuoga.

Hamisha picha kwenye kompyuta au diski, lakini kadi usiifute mpaka urudi nyumbani. Diski na kadi visikae kwenye begi moja. Lightroom iache. Ukianza kuhariri saa nne usiku, alfajiri ya kesho umeipoteza, na rangi zote zitafanana na za aliyekaa karibu yako.

Ukirudi, ziache wiki mbili bila kuzigusa, kisha chagua 20. Kigezo kiwe ile sentensi yako ya kwenye simu. Picha ambayo wenzako wote wanayo itoe, hata kama yako ni kali kuliko zao. Za wenzako watumie kwa njia ya dokumenti kwenye WhatsApp, si kama picha ya kawaida, maana ukituma kawaida inabanwa na haifai kuchapwa. Mama wa mwani na mzee wa barazani wachapishie nakala, inchi 5 kwa 7 inatosha, na umpe dereva au mwenye nyumba ya wageni awafikishie. Andika nyuma jina na mtaa kabla hujasahau.